Fidla na Mke wa Kuzimu

Dada Rukia, shikamoo. Machungwa ya Muheza nimeyala mpaka fidla inaninata vidoleni.

Jana hapa Tanga nilipiga peke yangu ule muziki mpya wa hekaya ya Wagiriki wa kale: mume anamtoa mkewe kuzimu, ila akigeuka kumtazama njiani, anampoteza. Nawasimulia watu kwanza, kisha napiga nimewapa mgongo, na mwisho nageuka. Nilipoanza tu kuzungusha shingo, bibi mmoja akanikemea, "Usigeuke, mwanangu, utamuua mwenzio." Ukumbi mzima ukamuunga mkono. Nikamalizia nikiutazama ukuta.

Bibi akaja kunitunza kanga yake ya mabegani. "Mpe mkeo, maskini, katoka na sanda tu."

Nibusie wanao, na usiniulize tena nitaoa lini. Kanga ya wifi yako ninayo.

Nduguyo,
Hamisi