Uligonga Bati Mara Moja

Kwa ndugu yangu mkubwa Kiprotich,

Chamge! Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kimulot, na kwamba mvua haijawazuia kuchuma majani chai. Mama bado anakohoa? Na Baba, bado anagombana na yule ng'ombe mweupe? Mimi huku Uingereza mwili ni mzima, ila usingizi umenihama.

Uliniuliza kazi yangu ni ipi hasa. Ni kukata mabati ndani ya kompyuta. Usicheke. Tunaingiza unene wa bati, ukali wa kisu na ukubwa wa mwanya ulio chini yake, kisha kompyuta inachora kisu kikishuka polepole, bati likipinda, halafu likipasuka. Hivyo makosa yanaonekana kabla bati la kweli halijaharibika. Mkubwa wangu wa kazi hupenda kuurudia mchoro huo. Kila kisu kinaposhuka naona vidole vyako vitatu chini yake, natoka nje kabla bati halijapasuka.

Unakumbuka karakana ya kile kiwanda cha chai, mimi kwenye pedali ya kushusha kisu, wewe ukishika bati. Kinga ya mashine ilikuwa imetolewa ili kazi iende haraka. Kwa sababu ya kelele hatukuitana: ukigonga bati mara moja, ningoje, mara mbili, nikanyage. Kisu kilipokukata vidole, foromani akauliza, nami nikasema uligonga mara mbili. Wewe ulikuwa hospitalini, dawa zimekulevya, ukakubali. Mpaka leo Baba anakuita mzembe, na hata panga la kukatia nyasi hakuachii.

Kiprotich, uligonga mara moja. Nilisikia vizuri. Nilikuwa nawaza chakula cha mchana, mguu ukatangulia, kisha nikaogopa kufukuzwa. Sasa bomba la kupasha joto hapa ofisini likigonga mara moja tu naruka kutoka kitini, na wenzangu wananiuliza nimeona nini.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba umwite Baba, umsomee barua hii kwa sauti, Mama akiwepo. Usiruke mstari kwa kunionea huruma. Nakujua.

Nisalimie mke wako na watoto. Kogo, nyanya yetu, mwambie sweta aliyonifumia ndiyo niliyovaa ninapoandika haya.

Ni mimi mdogo wako, niliyekanyaga,

Kibet