Keki ya Machungwa ya Dada Xaveria

Rubwera, Kyerwa
Jumanne mchana

Mpendwa dada Xaveria,

Shikamoo dada. Naandika nikiwa nimekaa kwenye mkeka, Gideon amenilalia mapajani, kwa hiyo mwandiko ukipinda usidhani shule nimeisahau yote. Habari za Rugera? Mguu wa shemeji Rwegoshora unaendeleaje, ule aliojikata na panga akipogolea migomba? Na mvua je, imewafikia? Huku imenyesha siku nne mfululizo. Nguo za mtoto hazikauki, nazianika juu ya viti mpaka sebule yetu imekuwa kama meza ya mitumba. Aristides anakusalimu sana. Kazi yake ya ofisini wilayani ni ile ile, anatoka asubuhi na kurudi amechoka, ila mzima. Gideon ana meno manne sasa na anauma kila kinachomkaribia, mimi nikiwa wa kwanza. Mimi mwenyewe kidonda cha operesheni kimefunga kabisa, namshukuru Mungu, ila usingizi wa kutosha sijauona tangu mwaka jana.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu unanizidi maneno, dada, tangu tulipokuwa wadogo. Naishia kusema haya, sawa, nimekusikia. Kwenye karatasi itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Habari kubwa ni ya Mackrine. Najua ndiyo unayoitafuta kwa macho tangu ulipofungua bahasha. Hajambo, haumwi, ila tangu nimtoe kwako miezi miwili iliyopita hakuwa mtoto niliyemzaa. Nilikuwa nakwambia anakula vizuri. Hakuwa anakula. Nikimpikia ndizi na maharage anachokonoa na kusema maawe hakati ndizi hivi. Maawe ni wewe. Neno hilo, dada, ambalo mimi na wewe tulimwitia marehemu mama yetu, mwanangu amekupa wewe. Mimi ananiita anti. Anti, naomba maji. Anti, Gideon analia. Hivyo hivyo anavyomwita muuza nyanya. Majirani wakisikia wanacheka, wananiambia mzoee tu, mtoto ni mtoto. Nami nacheka nao, kisha naingia ndani na kufua kitu ambacho hakikuwa kichafu.

Usinielewe vibaya. Mwaka mzima ulinisaidia kumbeba. Mimba ya Gideon ilinilaza chali, baadaye operesheni, baadaye kidonda kikagoma, na nani mwingine angemchukua mtoto wa miaka mitatu kama si dada yangu? Hivyo ndivyo tunavyofanya kwetu, mtoto akikosa mgongo wa mama anapewa mgongo wa mama mkubwa. Ila hakuna aliyewahi kuniambia ni vipi unavyomrudisha. Nilidhani mtoto anarudi kama sufuria uliyoazima, unaipokea, unaiweka mahali pake.

Halafu kulikuwa na keki. Akilia, halii kama watoto wengine, anakaa kwenye kona na kusema anataka keki ya machungwa ya maawe. Nikimnunulia andazi, hapana. Nikimnunulia keki za dukani zile za kwenye karatasi, analamba juu na kunirudishia. Dada, nilikuwa naichukia hiyo keki kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Nilikuwa naiwazia, nikipepeta mchele naiwaza. Nikawa najiuliza ina nini ambacho mimi sina.

Mwanzoni mwa mwezi huu Aristides akaniketisha. Hakugomba, unamjua. Akasema mtoto anakonda, na kama mwezi ukiisha bila kubadilika, afadhali arudishwe Rugera akakulie kwako, sisi tuwe tunamtembelea. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Kesho yake nikakupigia, nikakugusia tu kwamba anasumbua kidogo. Ukanijibu mlete basi, kama anakushinda. Labda ulisema kwa wema. Mimi nililisikia hilo la kunishinda, nikakata simu nikisingizia chaji.

Kwa hiyo ujue wiki tatu hizi nilikuwa napigania nini. Kila asubuhi nilikuwa natazama mikono yake kama imeongezeka unene.

Sasa, wiki iliyopita jirani yangu Prudensia, yule wa Muleba ambaye mume wake yuko idara ya ardhi, alikuja kuniomba nimtengenezee keki ya machungwa kwa ajili ya ubatizo wa mwanawe. Kwa nini aliniomba mimi ambaye hata chapati zangu hutoka na pembe, nitakueleza huko chini, nivumilie. Nilishindwa kukataa. Ndiyo siku ile nilikupigia nikakuuliza unaipikaje, nikasema nataka tu kujua. Nawe hukunificha hata kitu kimoja. Ulinitajia mayai, ulinitajia unga, ukaniambia nikwaruze ganda la chungwa nisifike kwenye weupe kwa sababu weupe ni mchungu, ukaniambia maji ya limau na sukari niyamwage juu ikiwa bado ya moto ili iyanywe. Mpaka ukanikumbusha nioshe kwanza mchanga wa kutandika ndani ya sufuria. Nilikuwa nimejiandaa kukukamata unanibania. Nilikasirika kwa kuwa hukunibania.

Ya kwanza iliungua nje, ndani ikawa uji. Tuliwapa kuku. Ya pili niliipika Ijumaa. Kikwaruzio sina, nilitoboa kopo la maziwa kwa msumari, nikakwaruza machungwa manne na vidole viwili. Nikaliweka bati la keki ndani ya sufuria, makaa chini, makaa machache juu ya mfuniko kama ulivyosema, nikakaa kwenye kigoda bila kuthubutu kufunua. Harufu ilipoanza kutoka, Mackrine alikuwa nje na mwenzake. Akamwacha mwenzake. Akaja kusimama kwenye mlango wa jiko, akauliza nani anakuja.

Nikamwambia haji mtu. Akasema anakuja, mama anakuja. Nikajua anakusema wewe, nikavimba, nikamuuliza kwa ukali mama gani huyo. Akanieleza kwa Kiswahili chake hicho mlichokichanganya na Kinyambo, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni. Kwamba maawe alisema keki ikianza kunukia, mama wa Rubwera yuko njiani. Kwamba mlikuwa mnanawa uso, mnakaa kwenye ngazi ya mlangoni mkitazama barabara, halafu mnakula kipande kimoja kila mtu na kumwekea mama chake kwenye sahani. Kwamba kesho yake kile cha kwenye sahani mlikuwa mnakigawana, kwa sababu mama alikwama kwenye mvua.

Nikamuuliza huyo mama wa Rubwera ni nani.

Akaninyooshea kidole mimi, akasema ni wewe, ila ulichelewa sana.

Dada, mimi nilidhani keki ile ilikuwa ya kumfanya anisahau. Kumbe ulikuwa unamnyamazisha kwa jina langu. Nilikuja Rugera mara mbili tu mwaka mzima, na mara zote mbili niliondoka mapema nikisingizia gari. Wewe ulinifikisha pale kila wiki, nikiwa nimelala kitandani Rubwera. Niliinua mfuniko kabla ya wakati ili nipate sababu ya kutokwa machozi, moshi ukanisaidia.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa. Naomba ukae chini.

Keki ulizokuwa ukimtumia Mackrine kila Jumamosi kwa Winston dereva wa Hiace, zilizofungwa kwenye jani la mgomba na kitambaa cha maua, zilinifikia zote. Winston hakupoteza hata moja. Saba. Mtoto wako hakuonja hata kipande. Nilikuwa nazipokea stendi, nazificha chini ya kanga, nikifika nyumbani natia kwenye ndoo ya unga na kufunika. Ukipiga kuuliza kama amefurahi nilikuwa nakujibu amefurahi, anakushukuru, amelamba mpaka jani. Akiniuliza yeye kama maawe hajaleta kitu, nilikuwa namwambia maawe ana kazi nyingi, labda amesahau. Nilimwambia hivyo mtoto wa miaka minne, nikimtazama usoni, mara saba.

Mbili niliwapa wafua nguo wa bombani. Mbili nilizipeleka kwenye jumuiya, akina mama wakanisifu kwamba nina mkono, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu kana kwamba kweli ni mimi. Hapo ndipo Prudensia alipoipenda. Tatu nilizila mwenyewe nyuma ya nyumba, nimechuchumaa kwenye migomba kama mwizi. Kipande cha kwanza nilikula kwa hasira. Vilivyofuata nilikula kwa sababu ni tamu, dada, na kwa sababu kwa muda ule wa kutafuna hakuna aliyekuwa akinililia. Nilikuwa nakuonea wivu mdomo ukiwa umejaa mapishi yako.

Sikuombi unisamehe leo. Kasirika kwanza, ni haki yako. Prudensia nilimpa keki yake, nikamwambia wazi kuwa zile za jumuiya zilikuwa mkono wako. Akaguna, akasema alishangaa, maana hii niliyompa imekaa upande. Mackrine pia nimemwambia. Nilimweka mbele yangu nikamwambia maawe hakukusahau, alileta na mimi nikaficha. Akafikiri. Akauliza zilikuwa ngapi. Nilipomwambia saba alivua ndala zake, akaenda kukaa na baba yake, na hakunisemesha mpaka siku ya pili. Jana asubuhi alikula ndizi bakuli zima bila kuzichokonoa. Anti hajaniita tena. Mama pia bado hajaniita. Ananivuta nguo tu.

Na hili nalisema kwa heshima zote, lakini nalisema: Rugera harudi. Aristides nimeshamwambia na amekubali. Mackrine ni wangu, Januari ataanza chekechea hapa, na hata akikonda atakondea mikononi mwangu mpaka anenepe. Najua nyumba yako imekuwa kimya, na najua ulivyokisubiri kicheko kidogo cha mtoto ndani ya nyumba miaka yote hii na shemeji. Kwa kukuumiza hapo nakuomba radhi kwa magoti. Ila mtoto sikupi.

Njoo wewe. Njoo Jumamosi na gari la Winston, usilete kitu, machungwa yapo na bati nimenunua. Mtapika pamoja na yeye, mimi nitashika Gideon. Akikukimbilia wewe kwanza pale stendi, nitapokea mfuko wako na kutembea nyuma yenu, nitaweza. Mwache akuite maawe, nimeacha kugombana na neno hilo. Kaa siku nne, kaa hata wiki. Ila kulala, dada, atalala na mimi.

Msalimie shemeji Rwegoshora, mwambie asikanyage ule mguu mpaka upone. Wasalimie majirani wote wa hapo kwenu waliomlea mwanangu, hata wale nisiowajua majina.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ambaye bado namaliza kukuonea wivu,

Kokushubira