Majina Yenu mu Kaye Yangu

Yaya yangu, dada mukubwa,

Mi mudogo yako wa Lubumbashi nakupa mikono mbili, na kwa mama napiga magoti. Mugulu yake inaendelea namna gani? Na ule mutoto yako wa mwisho, anatembea sasa? Mi niko muzima, nakula, kazi ya kupiga pasi ku université ya Kasapa ingali iko. Lakini roho haiko pahali pake. Kaa chini, Yaya, usome polepole, na usionyeshe muntu.

Ule mwalimu muzungu mwenye nilikuwa namufulia manguo alirudia kwabo. Siku nilimubebea mavalise mpaka kwa ndege, Luano, akaniachia kitabu moja ya Français. Yaya, kitabu ile iko na wazimu! Ni hadisi ya wakati yenye haiyafika bado: banamuke tupu banapigana vita kule juu, katikati ya nyota. Ukurasa moja mwanamuke anakufa. Unageuza, anapika chakula sawa hakuna kitu! Na majina yabo, sawa muntu anakohoa. Nilianza mara tatu, nikapotea mara tatu.

Unanijua, mi siachake kitu. Kelasi nilitoka mu ya tano, hii Français nilijifundisha mi mwenyewe. Njo nikakamata kaye, daftari yangu ya kuandikia, kila mwanamuke wa vita nikamupa jina ya mwanamuke wa kwetu Kasongo. Shangazi mwenye kelele, nikamuweka ku mizinga. Mama, wa kuchunga chakula ya baaskari. Mukubwa wabo, ule haogopake, nikamupa jina yako. Na juu kwetu majina inafanana, nikaandika na nyumba: ule wa nyuma ya moskiti, ule wa karibu na soko. Hapo kitabu ikafunguka! Nilikuona, Yaya, unapita mu moto, unaita bengine. Nilicheka peke yangu.

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, asubuhi, avenue yote ilitoka kwa salongo, ile kazi ya bure ya kusafisha mifereji. Mi nikabaki mu chumba, juu balikuwa bamekuumiza mukono mu kitabu na nilitaka kujua kama unapona. Chef wa avenue, mukubwa wa njia yetu, akaanza kutafuta bale habakuya. Akanikuta ku kitanda. Akakamata kaye, akasoma kwa sauti: jina yako, kiisha "mukubwa wa baaskari, Kasongo".

"Citoyen, hii ni nini?"

"Ni hadisi tu, chef. Ya kitabu."

"Kitabu njo hii. Mi nauliza kaye. Hawa bamama banapigana na nani?"

Yaya, nikasema kweli: "Sijue bado, chef."

"Unaandikisha baaskari, na adui haumujue?"

"Kitabu iko nguvu ya kusoma, chef."

Ku mulango bantu bakacheka. "Huyu alishindwa kuoa moja, sasa anachunga jeshi muzima!" Chef hakucheka. Tangu vita ile ya kwa mupaka, hapa kaye yenye majina haichekeshe bakubwa. Akabeba kaye, akabeba na kitabu. Siku ya ine, Alhamisi, banataka nifike mu biro ya serikali, nieleze. Nieleze kitu yenye mi mwenyewe sikusikia muzuri!

Njo maana barua hii haipite ku posta. Namupa mushoferi wa camion, mutoto wa kwetu. Kama muntu anakuja kukuuliza, usikimbie, na usiseme haunijue. Mwambie: mudogo yangu anasomaka sana, kichwa yake inamutangulia. Muonyeshe mikono yako, aone ni ya kutwanga pondu, majani ya muhogo, haiko ya bunduki. Mama usimwambie kitu. Ataanza kulia mbele hata ya kuulizwa.

Unisamehe, Yaya. Nilitaka tu nikuone mukubwa. Sasa nikakuweka mu mashaka ya kweli, na mu ile ya kitabu nayo sijue kama ulitoka. Mukono yako ilikuwa ingali inatoka damu siku banakamata kitabu.

Salimia mama. Salimia shangazi mwenye kelele, ule wa kutusukaka nywele, ule wa kuuzaka chumvi, na baba mukubwa wa kupigaka adhana. Majina yabo siandike tena. We unabajua.

Na yangu pia unaijua.

Mudogo yako