Mapazia Yangu Yameharibu Ukumbi wa Binti Yangu

Mpendwa mshauri, nishike mkono kabla ya kikao cha Jumamosi, maana kitinda mimba wangu ndiye aliyechora ramani ya ukumbi wetu mpya wa jamii, akaweka madirisha mapana na matundu ya hewa juu karibu na paa, akasema joto litapanda litoke lenyewe na mchana hakuna haja ya taa, mimi nikafurahi lakini roho haikutulia, jengo gani liko uchi hivi, na upepo ule si utawapiga watu vifua, basi nikashona mapazia mazito ya zambarau, siku ya ufunguzi nikayatundika madirisha yote, matundu nikamwambia fundi ayazibe kwa mabaki ya kitambaa, nikapigiwa vigelegele, hata mama mkwe wa binti yangu, asiyesifu kitu hata kwa bahati mbaya, akasema, "Mama mwenzangu, hapo umeweza."

Sasa taa zinawaka mchana kutwa na watu wanaloa jasho, mwenyekiti anauliza, "Huyu binti alisomea kujenga au kuoka?" na Jumamosi kamati inataka kuweka viyoyozi na kumnyima binti yangu kazi ya kuchora zahanati. Juzi nimemsikia akimwambia mumewe, "Bora nikose kazi kuliko kumwambia mama ayashushe," nikarudi jikoni nikinyata. Nimewaza nishushe nusu, au niseme yameliwa na panya. Nifanyeje, na yule mama mkwe wa binti yangu naye atakuwepo?

Mama Mapazia

JIBU

Mama, pole, lakini panya waache na shughuli zao. Jengo lile halikuwa uchi, lilikuwa linapumua, wewe ukaliziba pua. Ulifanya kwa mapenzi, sawa. Ila tangu ulipomsikia binti yako akiongea na mumewe, kila siku unayonyamaza unamwacha atukanwe kwa ajili ya kitambaa chako. Mficha uchi hazai.

Ijumaa nenda na fundi huyohuyo, shusha yote, si nusu, na matundu yazibuliwe. Jumamosi usimame kabla mwenyekiti hajaanza kusema, useme mapazia ni yako na kuziba ni kwako, kisha uwaombe wajumbe wazime taa wakae kidogo ndipo waamue. Mama mkwe wa binti yako mpelekee jozi mbili za mapazia hayo atundike sebuleni kwake, alishayasifu, atakataaje?

Na ukumbi ukipoa, tafadhali usianze kuwafumia wajumbe masweta.