Kisanduku cha Tano

Halstrom, Jumatatu, 4 Machi

Mdogo wangu mpendwa Signe,

Nakusalimu kwa upendo, nikitumaini goti lako limetulia licha ya baridi hii. Mimi figo zimegoma kabisa. Daktari ameacha kuzungumzia majira ya kuchipua. Supu uliyonitumia niliinywa, ingawa sikuistahili.

Najua bado una hasira. Muswada wako wa kuongeza viti viwili katika Baraza la Ushauri wa Adhabu la jimbo, kimoja cha mtu aliyewahi kufungwa, ulikuwa unapita. Kisha mimi, mwenyekiti mstaafu wa baraza hilo, nikasukumwa kwenye kiti changu cha magurudumu hadi mbele ya kamati yenu ya bunge, nikasema wafungwa hata jedwali la adhabu, lile la visanduku vinavyompa jaji miezi ya kifungo, hawawezi kulisoma. Wajumbe wakacheka. Mlangoni ukaniambia, "Kaka, miaka thelathini umekuwa jaji, leo umekuwa mchekeshaji." Sasa umebakiwa na kura nne, unahitaji tano, na mnapiga kura Alhamisi.

Hukuyasikia yaliyofuata. Royce Pettibone, yule shahidi wako aliyefungwa miaka mitano, alinishikia mlango. Akaniuliza kwa adabu kama ile barua yake ya gerezani niliipata. Nikamjibu kwamba barua nyingi hupotea. Akatabasamu, akasema, "Basi posta inawaogopa majaji, mheshimiwa."

Signe, niliipata. Imo ndani ya bahasha hii. Miaka kumi na miwili iliyopita Pettibone aliniandikia kwa penseli kwamba maelekezo ya jedwali yalihesabu kosa lake la zamani mara mbili, yakamtoa kisanduku cha tatu hadi cha tano: miezi sitini badala ya thelathini na minane. Alikuwa sahihi. Maelekezo yale niliyaandika mimi. Niliurekebisha mstari ule katika toleo lililofuata, bila kuiambia mahakama yoyote. Yeye akaimaliza sitini yake. Wengine walikuwa wangapi, sijui, sikuthubutu kutafuta.

Wanasheria tisa tulilipitisha jedwali lile. Aliyelisoma ni yeye.

Nimesaini kila ukurasa mbele ya wakili. Isome barua hii kwenye kamati Alhamisi, pamoja na ya kwake. Usingoje nife kwanza kwa kunistahi. Lakini kabla ya wote mwoneshe Pettibone, umwambie posta haikukosea.

Nisalimie Anders na wajukuu.

Kaka yako,
Einar Tollefsrud