Mwendo wa Baba

Dada yangu,

Sote wazima, na goti la mama limepungua kuvimba. Televisheni yako imefika. Kila jirani aliyekuja kuitazama, mama alimwambia, "Hii ni ya mwanangu mkubwa." Mimi ninayemkanda goti, nilikuwa nakunja boksi.

Tulipoweka mkanda wa harusi ya mama na baba, marehemu baba alitembea kwa ulaini wa ajabu, kama anateleza. Mama akanuna: "Huyu si mume wangu. Huyu mwigizaji."

Dada, nilijua kasoro iko wapi. Televisheni hizi hubuni picha za ziada katikati ya zile za kweli ili mwendo uwe laini. Unazima tu kwenye mipangilio. Lakini nilinyamaza siku tatu, nikifurahi zawadi yako kukosa sifa. Ni wivu, sikufichi.

Jana nilimkuta mama akimwomba baba radhi, peke yake sebuleni, kwa kusahau alivyokuwa akitembea. Nikashika rimoti, nikauzima ule ulaini. Baba akarudi na kuchechemea kwake. Mama akapiga kigelegele, kisha akaniambia, "Mwandikie dada yako. Mwambie asante."

Basi nimekuandikia.

Mdogo wako