Waya wa Silinda ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Gari limemisi tena. Asubuhi, natoka getini — likakohoa, likatikisika, likataka kuzima, halafu likatulia. Nikalipeleka kwa fundi wa hapa mtaani. Kufika pale, tuli! Gari lina miaka ishirini na sita na tabia za mkwe: mbele ya watu adabu tupu. Fundi akasema haoni kitu. Aliniangalia kama mimi ndiye ninayehitaji matengenezo.

Jumanne, 4 Machi
Binti yangu kapiga simu. Hupiga mara moja kwa mwezi tangu aende kufanya kazi ng'ambo, miaka sita sasa. Shikamoo, marahaba, afya, nzuri, haya baba. Dakika mbili. Maneno yalikuwa ya mama yake; mimi nilipewa simu mwishoni nimalizie. Sasa mama yake hayupo, mwaka wa pili huu, na sisi wawili tumebaki na salamu.
Leo, kwa kukosa la kusema, nikamtajia gari. Akauliza: linamisi likiwa baridi au likishapata moto? Limesimama au linapanda mlima? Maswali kama polisi! Dakika arobaini. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ni fundi. Si kweli, sikusahau. Mimi ndiye niliyemwambia ufundi si kazi ya mtoto wa kike.

Alhamisi, 6 Machi
Kazi niliyopewa: likianza kumisi, nichomoe nyaya za plagi mmoja mmoja huku injini inawaka. Ukichomoa waya na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyolala. Alisema nivae glavu za mpira. Nikajifanya mjuaji.
Umeme ukanirusha hadi ukutani! Simu ilikuwa wazi kwenye kiti, akasikia yote, na kilio changu. Akacheka. Kicheko cha mama yake, kile kile, kinachoishia na kikohozi kidogo. Nikabaki nimekaa chini kwenye saruji nasikiliza. Nimewakumbuka sana, wote wawili.
Ni silinda ya tatu.

Jumamosi, 8 Machi
Sasa tunaongea kila siku. Plagi si mbaya: ya tatu nimeihamishia silinda ya pili, na bado ni silinda ya tatu inayolala. Anashuku waya. Ukiwa na ufa, unyevu ukiingia umeme unatoroka, ndiyo maana ni asubuhi tu, kabla umande haujakauka. Nikaushe, nilowanishe, niangalie. Katikati ya hayo akanieleza chumba chake: dirisha linatazama ukuta. Hajawahi kuniambia.

Jumapili, 9 Machi
Nimeupata! Nilichukua kile kichupa cha mama yake cha kunyunyizia nguo za pasi. Nikanyunyiza waya wa tatu — papo hapo likaanza kumisi, na cheche nikaziona. Ufa mwembamba kama unywele, pale waya unaposugua chuma. Nikafurahi kama mtoto. Nikashika simu nimwambie.
Nikairudisha mfukoni. Nikishamwambia, tutaongea nini?

Jumatatu, 10 Machi
Nimefunga waya mpya. Injini imetulia kabisa. Nimemwambia bado inasumbua. Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Machi
Anataka nimrekodie mlio. Mlio uko wapi? Gari ni zima! Nikauchomoa ule waya mpya, nikarekodi, nikatuma. Mzee mzima, ovyo. Njia ya mwongo ni fupi, ila nilitegemea itanifikisha japo Ijumaa.

Alhamisi, 13 Machi
Kapiga mapema. Sauti ya kazini, ya fundi.
"Baba, hii haimisi kwa vipindi tena. Inamisi moja kwa moja, haipumziki. Huo waya umechomoka."
Nikasema ni mvua. Imenyesha tangu alfajiri, kila kitu kimelowa.
Akanikatiza:
"Huko hakuna mvua, baba. Ni jua wiki nzima. Huwa naangalia hali ya hewa ya nyumbani kila nikiamka."
Kila akiamka! Miaka sita! Na mimi hata saa anayoamka siijui. Nilidhani mwenye hamu ni mimi peke yangu, na yeye kanizoea kama bili ya maji.
Hakukata simu. Nilimsikia anapumua. Kisha akauliza, polepole kabisa, bila hasira:
"Gari limepona lini?"
Nikamwambia asubiri, naenda kufunga geti. Geti limefungwa tangu jana. Nimekaa hapa mezani naandika, na simu iko mbele yangu, dakika zinahesabika pale juu ya kioo — kumi na moja sasa — na yeye bado yupo.